Filamu Yangu ya Kwanza Ililipiwa na Matanga

Vijana wa hapa Kisumu wanaotaka kuandika na kuongoza filamu fupi huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza kodi ya nyumba mwezi ujao itatoka wapi. Filamu fupi hailipi kodi. Kodi yangu hulipwa na harusi, na zaidi mazishi: Jumamosi niko Bondo au Ugunja, chini ya hema, nikiwarekodia jamaa walio ng'ambo wasioweza kufika.

Kwa miaka miwili niliionea haya kazi hiyo, na nilikosea. Kaburini hakuna kurudia. Lazima ujue mama mzazi atasimama wapi kabla hajainuka, nawe uwe umeshafika, kimya, bila kumsukuma mtu. Pale ndipo nilipojifunza kutazama mikono. Mtu anayejikaza uso humwaga siri yote vidoleni, akikunja leso au akipanga viti vilivyokwisha kupangwa. Waigizaji wangu huwapa kazi ya mikono kabla sijawapa maneno. Lakini msiba wa watu usiuhamishie kwenye skripti yako. Picha zile ni za familia. Chukua ulichojifunza, uache kilio chao.

Kila malipo nikiyapata, theluthi huenda akaunti ya filamu. Pesa hizo hulipa kwanza nauli na chakula cha waigizaji, kisha mtu wa sauti. Kamera nakodi.

Sauti niliijua kwa uchungu. Filamu ya kwanza niliipigia Dunga, ufuoni, alasiri. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na huo ndio uliojaa kwenye maikrofoni. Tulipohamia ndani jioni, mvua ikaanza kupiga mabati. Mazungumzo yote yakapotea, na waigizaji niliokuwa nimewaahidi mengi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Bado inaniuma. Siku hizi mazungumzo ya nje nayamaliza kabla ya saa 4 asubuhi, na alasiri naiachia matukio yasiyo na maneno. Kila mahali narekodi dakika nzima ya ukimya wa pale, mhariri apate cha kuzibia mapengo. Na jua la huku kwetu, karibu na ikweta, huzama upesi mno. Ukipanga matukio matatu ya machweo kwa jioni moja, utapata moja.

Urefu je? Tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40, pamoja na majina ya mwisho. Wewe andika kurasa 10. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na tamasha hupanga filamu kadhaa katika kikao kimoja, kwa hiyo fupi hupata nafasi kwa urahisi.

Usiiweke YouTube kabla ya kuituma, maana matamasha mengine hutaka kuwa ya kwanza kuionyesha. Kila mwigizaji na mwanamuziki atie sahihi mkataba kabla ya siku ya kwanza. Mimi niliwahi kukataliwa kwa sababu ya wimbo wa benga wa rafiki yangu. Tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo tu.

Ukishapata kurasa tatu, nenda mahali hadithi yako inapotokea, usimame pale saa 1 asubuhi, urudi tena saa 9 alasiri, usikilize. Ndipo uandike ya nne.