Aespa imetoa, limetoa au wametoa?

SWALI: Ninaandika habari za burudani. Niliandika, "Aespa ametoa wimbo wa haipapopu na kundi wamebadili kabisa sauti yao," mhariri akanirudishia. (Haipapopu, yaani "hyperpop", ni mtindo wa pop ya kielektroniki.) Kipi sahihi?

JIBU: Mhariri wako alikuwa na haki. "Ametoa" hudai mtendaji mmoja mwenye uhai, ilhali aespa, kundi lililoanza Novemba 2020 chini ya kampuni ya SM Entertainment ya Korea Kusini, lina waimbaji wanne: Karina, Giselle, Winter na Ningning. (Usiwaite "Wakorea wanne", maana Ningning ni Mchina.)

Neno "kundi" likitajwa, upatanisho hulifuata lenyewe, si watu waliomo: "Kundi la aespa limetoa". Kundi, kama lilivyo jeshi au baraza, si kiumbe kisarufi hata likijaa watu. Kwa hiyo "kundi wamebadili" ni kosa katika maandishi, ingawa katika mazungumzo husikika kila siku na hakuna anayeshtuka.

Ugumu huja jina linaposimama peke yake. Kurasa za michezo zimekwisha kutuzoesha "Simba imeifunga Yanga", ambapo klabu huhesabiwa kuwa taasisi, japokuwa mnyama mwenyewe angechukua "a-". Vivyo hivyo, "Aespa imetoa albamu fupi, Savage, Oktoba 2021" ni sentensi sahihi, kwa kuwa inazungumzia bendi kama chombo kinachotoa kazi. Lakini ukieleza uimbaji wenyewe, "wa-" hufaa zaidi: "Katika wimbo uliobeba jina la albamu hiyo, aespa wanaimba na kughani juu ya besi nzito na vinanda vya kielektroniki vinavyokwaruza kama chuma kinachosagwa." Katika uhakiki wa muziki huu napendelea "wa-", kwa sababu haipapopu huikaza sauti ya mwimbaji, huipandisha na kuikatakata kwa kompyuta hadi msomaji anaweza kusahau kwamba kuna watu wanaoimba.

Ukishachagua, kimilikishi kifuate: "limebadili sauti yake", au "wamebadili sauti yao", bila kuchanganya katika sentensi moja. Haipapopu yenyewe huchukua "i-", kama rumba na taarabu.

Sentensi yako basi iwe: "Kundi la aespa limetoa wimbo wa haipapopu na kubadili kabisa sauti yake."