Umenunua chenso chakavu? Jua kwanza kilichoiua kabla hujaifufua

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mbao, na nyie mafundi wa pikipiki mnaoletewa hizi mashine kwa sababu tu nazo ni tu-stroki, naomba mnisikilize kidogo. Huku Mafinga, Iringa, chenso (misumeno ya injini) za mkononi zipo kibao, mtu kaacha kazi au mashine imemnokia kaitupa stoo, mwaka wa pili anakuuzia bei ya kutupa. Ni biashara nzuri sana ukijua unachofanya. Usipojua utanunua pistoni kila mwezi.

Yangu ya kwanza kufufua ilikuwa Stihl MS 381, ile ya cc 72, nimeikuta kwenye banda la kuku, kabureta imejaa utando wa kijani wa petroli iliyolala, kamba ya starta imekatika, pistoni imechubuka. Nikafanya kile kila mgeni anachofanya, nikanunua pistoni na ringi mpya nikafunga, nikasafisha kabureta, ikawaka mara ya tatu kuvuta, nikafurahi kweli. Siku mbili tumepasua misindano vizuri, siku ya tatu ikanoki palepale ilipokuwa imenoki mwanzo. Tatizo halikuwa pistoni hata siku moja. Oili sili ya upande wa klachi ilikuwa imekauka, inavuta hewa, na kwenye hizi injini oili inakuja na petroli, kwa hiyo hewa ikizidi na mafuta yakapungua pistoni inakosa vyote viwili kwa mpigo, ubaridi na ulainishi. Na dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza, nilikuwa nikiachia triga resi haishuki, inabaki juu inalia kwa sekunde kadhaa ndo inarudi kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini. Mimi nikadhani ni nguvu. Mashine yoyote ikikufanyia hivyo izime hapohapo, usimalizie hata gogo lililo mbele yako.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela dukani, fungua ekzosi, ni bolti chache tu, mulika na tochi kwenye tundu uiangalie pistoni. Ikiwa imechubuka upande wa ekzosi, fikiria hewa kuzidi, joto, au mtu alitia petroli bila oili. Ikichubuka upande wa kabureta basi uchafu umeingia, filta ilichanika au haikukaa vizuri. Ikiwa safi ina mistari yake midogo ya mashineni, shukuru Mungu, huenda shida ni kabureta na mipira tu.

Alafu pima uvujaji. Huhitaji vifaa vya gharama. Kata mpira wa chubu ya baiskeli, weka kipande kati ya ekzosi na bloku ukaze, kingine upande wa kabureta, shusha pistoni chini kabisa, pampu upepo kidogo kupitia tundu la plagi ukiwa na geji, usizidi nusu baa maana ukizidisha utazitoa sili mahali pake. Pakaza povu la sabuni kwenye sili zote mbili, ya nyuma ya flaiwili na ya nyuma ya klachi, na kwenye gasketi ya bloku. Tundu lenye shida litatoa povu mbele ya macho yako. Ila sili nyingine inazuia upepo wa kutoka lakini inaruhusu wa kuingia, kwa hiyo kama mashine imekaa miaka mingi mimi nabadilisha zote bila kuuliza. Na ule mpira unaounganisha kabureta na bloku usiuangalie ukiwa umenyooka, ukunje kwa vidole, nyufa zinajificha. Klachi kumbuka inafunguka kinyume, nati yake ya kushoto, nimeona vijana wanaivunja kwa nguvu kwa kukaza wakidhani wanafungua. Kuzuia pistoni isizunguke ingiza kamba kwenye tundu la plagi, usiweke bisibisi.

Bloku iliyochubuka usiitupe haraka. Mara nyingi ile mistari ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda juu yake, bloku yenyewe nzima. Vaa glavu na miwani, toka nje penye hewa, koroga kostiki soda kidogo ile ya kutengenezea sabuni, chovya pamba kwenye kijiti upake kwenye mstari tu, usiguse sehemu nyingine maana bloku nayo ni aluminiamu. Itachemka povu. Povu likikoma, osha kwa maji mengi, rudia mpaka isichemke tena, hapo aluminiamu imeisha. Pitisha ukucha, ukikwama basi utando wa ndani umetoka na bloku hiyo haifai. Na zile klipu za pini ya pistoni usirudishie za zamani, klipu moja ikichomoka inakula bloku yote.

Mafuta nisiseme sana. Oili ya tu-tii (ya injini za tu-stroki) ya kampuni ya mashine, mili 20 kwa lita ya petroli, tu-tii nyingine ya kawaida mili 40. Oili ya gari hapana. Mashine ikifanya kazi dakika tano inazima, legeza kifuniko cha tenki, ukisikia inavuta hewa "fyuuu" na ikawaka tena, tundu la kupumulia la tenki limeziba, hujaharibikiwa kabureta.

Sasa hili la kuiongezea nguvu, ndilo vijana mnakimbilia kabla ya yote. Kupanua tundu la ekzosi kweli kunasaidia, mashine inapumua, inapoa, inavuta zaidi kwenye gogo. Lakini ukipanua ekzosi bila kufungua skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima mafuta ya resi kubwa, umeipunguzia mafuta, na umerudi kwenye ugonjwa uleule ulioiua. Panua, kisha fungua H kidogo kidogo, piga resi mpaka mwisho bila kukata, inatakiwa ikohoe-kohoe kidogo, ukiingiza kwenye mti kikohozi kiishe sauti inyooke. Ikilia safi kali wakati haikati kitu, mafuta haba, funga kazi. Na ule wavu wa kuzuia cheche usiutoe. Kiangazi shamba la miti la Sao Hill majani yanakauka kama karatasi, cheche moja ya ekzosi inamaliza miti ya watu ya miaka mingi. Nauona upuuzi huu kila msimu na unaniuma.

Kwa sisi tunaopasua mbao kuna badiliko jingine lisilo na gharama ambalo watu hawalifanyi, pembe ya meno. Mnyororo wa dukani umenolewa digrii 30 kwa kukata mti kwa upana, kwa kupasua urefu shusha mpaka 10 hivi, mbao inatoka laini. Kwa mnyororo wa 3/8 tumia tupa ya mviringo ya milimita 5.2, na kile kijino cha mbele kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65, ukikishusha sana mashine inarukaruka na kuumiza mikono. Ikianza kukutolea unga kama sembe badala ya machicha, simama unoe.

Siku ya kwanza kuiwasha, kabla ya mti wowote, elekeza ncha ya bapa, kile chuma kinachobeba mnyororo, kwenye kisiki cheupe upige resi, uone mstari wa oili ya mnyororo umejichora. Alafu mnyororo ukiwa unazunguka sukuma ile ngao ya mbele, usimame papo hapo. Usiposimama, rudi mezani, fungua mkanda wa breki, mara nyingi utaukuta umekatika au mwenye nao wa kwanza aliutoa akaona unamsumbua.