Mjamzito katikati ya PhD: likizo ya uzazi inasimamisha kalenda moja tu

Mleta mada, hongera kwa ujauzito. Umesema wewe ni mhadhiri msaidizi chuo cha umma Dar, uko mwaka wa pili wa PhD hapahapa nchini kwa ufadhili, mimba ina miezi minne, mume anafanya kazi mkoani, na bado hujakusanya takwimu za kaya 400 Morogoro. Unauliza uahirishe masomo au uendelee. Wengi hapo juu wamekujibu "ahirisha, mtoto kwanza". Dada yangu, usiahirishe chochote kabla hujajua una kalenda ngapi zinazokimbia. Ziko nne, na kila moja ina ofisi yake.

Ya mwajiri ndiyo nyepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Taarifa inatakiwa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makisio, ikiambatana na cheti cha daktari. Kwa mimba ya miezi minne una wiki kama 10 tu za kupeleka barua. Likizo unaweza kuianza hadi wiki 4 kabla ya makisio, lakini piga hesabu: ukifanya hivyo, siku 28 zimeondoka na unabaki na wiki 8 za kukaa na mtoto. Ukifanya kazi hadi karibu na siku yenyewe, unabaki na wiki kama 12. Likizo ya mwaka ni suala jingine; waulize utumishi mapema kama unaweza kuiunganisha hapo.

Kalenda ya pili ni ya usajili wako wa uzamivu. Likizo ya kazini haiigusi, hata kama utumishi na ofisi ya uzamili wanatazamana mlango kwa mlango. Miezi ya kulea inaendelea kuhesabiwa kwenye muda wako wa masomo mpaka barua ya kuahirisha ipite kwa msimamizi, idara na uzamili, nawe ujibiwe kwa maandishi. "Usijali, tutaliweka sawa" ya msimamizi haisimamishi kitu. Akihamia chuo kingine, ahadi hiyo imeondoka naye.

Ya tatu ni ya mfadhili, na hapa ndipo watu wengi huumia. Ukiahirisha masomo, posho inaweza kusimama, na tarehe ya mwisho wa mkataba ikabaki palepale. Kwa hiyo mwandikie mfadhili kwanza, chuo baadaye. Muulize mambo matatu: posho inaendelea wakati wa likizo ya uzazi? Mwisho wa mkataba unasogea kwa miezi ileile? Kama hakuna fedha za ziada, anakubali kuongeza muda bila kuongeza fedha? Ukiwa na majibu hayo ndipo ujue kama kuahirisha kuna faida au ni kujikata posho mwenyewe.

Ya nne husahaulika kabisa: kibali cha maadili ya utafiti. Cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) hudumu mwaka mmoja. Kikiisha ukiwa nyumbani unanyonyesha, hojaji zitakazojazwa baada ya hapo hazina kinga. Jarida likidai tarehe za kibali, hutakuwa na jibu. Omba kuhuisha kabla ya kwenda likizo, hata kama hutaingia uwandani mwaka huo.

Sasa jibu lenyewe. Kama kliniki hawajakuwekea zuio, kusanya takwimu sasa, mwezi wa tano na wa sita wa mimba. Wasaidizi 4, kila mmoja kaya 5 kwa siku, ni kaya 20. Siku 20 za kazi umemaliza 400. Ongeza siku 3 za mafunzo, 1 ya kujaribisha hojaji na 5 za kurudia kaya zilizokosekana. Tumia KoboCollect au ODK, programu za kujazia hojaji kwenye simu, ili kila jioni uzione fomu ukiwa umekaa, siyo kufukuzana na bodaboda vijijini. Lala kwenye chandarua chenye dawa na usiruke dozi za SP za kliniki (dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito). Ukisogeza zoezi hili mpaka baada ya kujifungua, litakuangukia mtoto akiwa na miezi mitatu minne, ananyonya tu, na itabidi uende naye pamoja na dada wa kumshika. Chumba na chakula cha dada huyo havimo kwenye bajeti ya utafiti.

Miezi ya saba na nane safisha takwimu, na acha maelezo ndani ya programu yenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida: "kaya 112, umri umeandikwa 350, nimeacha wazi, angalia rekodi ya sauti". Baada ya miezi mitatu ya usingizi wa vipande hutakumbuka kwa nini kaya zimekuwa 397.

Ushauri wa "andika usiku mtoto akilala" mimi siuafiki. Usiku mtoto akilala, lala. Kinachofanya kazi ni kipande kimoja kirefu kisichoguswa: Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, baba yupo na mtoto, wewe uko nje ya nyumba. Kwa mume wa mkoani hii ina maana ya nauli, iwekeni kwenye bajeti. Vipande vya nusu saa vya katikati ya wiki ni vya marejeo, majedwali na barua pepe, siyo sura ya nadharia.

Kuhusu maziwa. Sheria hiyohiyo ya ajira inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ziombe kwa barua, na omba ufunguo wa chumba. Kamua kila baada ya saa 3 hivi. Mwongozo wa saa 4 nje ya friji ni wa joto lisilozidi nyuzi 25. Ofisi ya Dar Februari siyo hiyo. Weka kwenye friji mara moja (hadi siku 4), au kwenye kibegi cha ubaridi chenye vipande vya barafu, saa 24. Andika tarehe na saa. Usimimine maziwa ya moto ya sasa hivi juu ya yale ya baridi. Pasha kwa kuzamisha chombo kwenye maji ya vuguvugu. Siku ya kusimamia mitihani ndiyo yenye mtego: umeruka zamu moja ya kukamua, jioni ziwa limejaa na kuuma, kesho una homa. Omba msimamizi wa pili kabla ratiba haijatoka.

Dada wa kazi aingie angalau mwezi mmoja kabla hujarudi, na mtoto aanze kuzoea kikombe wiki mbili kabla.

Jambo dogo la mwisho: chanjo za mtoto ni wiki ya 6, 10 na 14. Kwa likizo ya siku 84, ile ya 14 inakukuta umerudi kazini wiki mbili tu, na mtoto anaweza kupata homa usiku ule. Wiki hiyo usikubali kuwasilisha semina.