Muulize choo kiko wapi

Juzi kijana aliyemaliza masomo ya fiziotherapia kaniandikia: "Dada, hizi herufi na namba za ICF zinamsaidia nini mgonjwa wa kijijini?" ICF ni mfumo wa kuandika kwa herufi na namba jinsi mtu anavyoishi na ugonjwa au ulemavu wake. Na mimi niliwahi kuuliza hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Mtwara nilimpokea bibi mmoja wa Mikindani, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Baada ya wiki sita za mazoezi alitembea kwenye marumaru bila mkongojo. Nikaandika kwenye faili: anatembea, aruhusiwe. Nilijivuna sana. Mwezi haujaisha, mjukuu wake akaja kuniambia bibi anakwenda chooni kwa kutambaa. Choo kiko uani, njia yote mchanga, ndani hakuna pa kushika. Usiku ule nililia, na hadi leo naumia nikikumbuka.

ICF, mfumo uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001, unatenganisha mambo mawili niliyoyachanganya: uwezo wa mtu akipimwa, na anachofanya kweli pale anapoishi. Kutembea ni d450, d ikiwa herufi ya shughuli za mtu. Bibi alistahili d450.31: tatu ni nyumbani kwake, shida kubwa, moja ni kwenye chumba changu cha mazoezi, shida ndogo. Tofauti ile haikuwa mguuni. Ilikuwa mchangani na chooni, na mazingira yana herufi yake, e. Choo kile ni e155.3: e155 ni ujenzi wa nyumba ya mtu, na tatu ni kizuizi kikubwa.

Niliposema nataka kwenda Mikindani, mkubwa wangu wa kazi alinijibu mbele ya wenzangu: "Sisi tunatibu miguu, hatutibu vyoo." Nilikwenda Jumamosi, kwa nauli yangu. Mjukuu ni seremala. Akachimbia nguzo, akafunga kamba toka mlango wa uani hadi chooni, akachonga kiti chenye tundu. Ndipo bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza, akasema anachotamani ni kukuna nazi. Kibao cha mbuzi kiko chini, akikaa hainuki. Tukakipigilia juu ya benchi.

Mdogo wangu, usianze na kupima goti. Uliza choo kiko wapi, nani anateka maji, asubuhi alikuwa akifanya nini kabla hajaugua. Namba zitafuata. Wanaokuambia haya ni makaratasi tu hawajamfuata mgonjwa hadi kwake. Uliza choo, narudia. Na msimu wa korosho ukikaribia, uliza nani atabaki naye nyumbani, maana ile e310, familia ya karibu, uliyoiandika Agosti kuwa msaada mkubwa, Oktoba yote iko shambani.