Kisanduku ulichokifunga bila kusoma

Kuanzia tarehe 28 ya kila mwezi, hesabu zinapofungwa, najua wahasibu mnakuja. "Ripoti haifunguki." "Kitufe kimepotea." Wengi mnaulizia kitu kilekile: programu jalizi ya ripoti, ile inayovuta namba kutoka kwenye mfumo wa uhasibu na kuzimwaga ndani ya Excel. Leo nimeokota maswali machache. Walioandika "Excel yangu mbovu, nisaidie" bila kutaja hata toleo, nimewaruka.

Shikamoo fundi. Umeme ulikatika wakati nafungua Excel. Kuanzia hapo kichupo cha ripoti hakionekani juu. Nimeiondoa programu jalizi na kuisakinisha upya mara tatu. Nifanyeje? (Mhasibu, Mwanza)

Marahaba. Mara tatu! Pole, maana hata ungeisakinisha mara thelathini ingekuwa vilevile.

Umeme ulikatika Excel ikiwa bado inaipakia programu jalizi. Uliporudi na ukafungua tena, Excel ilikuuliza: hii ilileta matatizo mara ya mwisho, niizime? Nawe ukabofya "Yes". Usinikatalie. Juzi nilikaa na mhasibu mmoja, kisanduku hichohicho kikatokea, na kidole chake kilikuwa kimeshagonga Enter kabla mimi sijafika neno la tatu. Nilipomuuliza kimesema nini akaniambia, "Kipi?"

Programu jalizi ikishazimwa hivyo, inaingia kwenye orodha ya vilivyofungiwa, na kusakinisha upya mara nyingi hakuigusi orodha hiyo. Nenda File, halafu Options, halafu Add-ins. Chini kabisa pana neno Manage na kisanduku cha kuchagua. Chagua Disabled Items, bofya Go. Ukiikuta humo, iteue, bofya Enable, funga Excel yote, fungua upya. Isipojitokeza bado, rudi palepale, safari hii chagua COM Add-ins, uweke tiki.

Tiki ikijifuta kila ukifungua Excel, hapo kuna jambo jingine. Soma maandishi yaliyo chini ya orodha hiyo, yakikwambia haikupakiwa kwa sababu ya hitilafu, basi ama programu yenyewe ina kasoro, ama kuna kitu inachokitegemea hakipo, mara nyingi .NET au VSTO Runtime, programu saidizi za Microsoft. Wazoefu wataingia kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\Excel\Addins, waangalie thamani ya LoadBehavior. Ikiwa 3, inapakiwa Excel inapowaka. Ikiwa 2, ilijaribu ikashindwa, au mtu kaizima. Unaweza kuirudisha 3 kwa mkono, lakini chanzo kikiwa palepale, kesho utaikuta 2. Na kama hujawahi kuingia kwenye rejista, usianzie kwenye kompyuta ya ofisi siku ya kufunga hesabu.

Halafu nunueni UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Kompyuta inayobeba hesabu za kampuni nzima imechomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la chai.

Tumewekewa Office mpya, programu jalizi ya zamani inakataa kabisa. Ni virusi?

Si virusi. Kila kitu kwenu ni virusi. Ile ya zamani ni ya biti 32, na tangu Office 2019 kisakinishi kinaweka ya biti 64 usipokiambia vingine. Faili la XLL, aina mojawapo ya programu jalizi, likiwa la biti 32 haliingii kwenye Excel ya biti 64, hata ulibembeleze. Angalia File, Account, About Excel, imeandikwa mstari wa juu. Msiniandikie kwamba Windows yenu ni ya 64, sikuuliza Windows. Waombeni waliowauzia wawape toleo la biti 64. Wasipokuwa nalo, mtarudi Office ya biti 32, na mjiulize kwa nini mnawalipa kila mwaka.

Itafanya kazi kwenye Mac?

Kama ni ya COM, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, hapana.

Kwenye simu je?

Hapana. Na ripoti ya bodi haitengenezwi ndani ya daladala.

Kwangu inafunguka vizuri. Mwenzangu akiingia kwa jina lake kwenye kompyuta hiyohiyo, haipo.

Ilisakinishwa kwa ajili yako peke yako. Aingie kwa jina lake aisakinishe, au mtu wa TEHAMA aiweke kwa watumiaji wote.

Fundi wetu alinitumia programu jalizi kwa kiungo. Excel inasema imezuiwa. Nimeambiwa nizime antivairasi na kila ulinzi. Ni sawa?

Si sawa! Aliyekushauri hivyo asiguse tena kompyuta yako.

Windows hulipiga muhuri faili lililotoka kwenye intaneti. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) zenye muhuri huo, mwaka uliofuata ikafunga na XLL, kwa sababu wezi walikuwa wakipitia mlango huohuo. Kama una hakika faili limetoka kwa wenye programu, bofya kulia juu yake, chagua Properties, weka tiki kwenye Unblock. Basi, antivairasi inabaki ilipo. Kama huna hakika, wapigie wenye programu kwa namba iliyo kwenye mkataba wenu, siyo iliyo kwenye ujumbe uliokuja na kiungo.

Na kwa kuwa umemtaja fundi: ile Office ya "bure" aliyokuwekea kwa kreki, yaani kwa kuvunja leseni, ambayo haipati masasisho, ndiyo chanzo cha nusu ya barua ninazopokea. Mnahifadhi mishahara ya watu humo.

Programu jalizi inapakia vizuri, ila ripoti inaleta mistari 65,536 tu, wakati mfumo una zaidi ya laki moja. Tatizo ni intaneti?

Asante, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Intaneti haihusiki. Kiolezo chako ni cha xls, umbo la zamani, na hapo ndipo linapoishia. Umbo la xlsx linafika mistari 1,048,576.

Usidhani ni kosa la ofisi ndogo. Mwaka 2020 Uingereza, taasisi ya afya ya umma ilikuwa ikipitisha majibu ya vipimo vya korona kwenye mafaili ya xls. Yakajaa, yaliyozidi yakadondoka, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Waliokuwa karibu nao wakachelewa kutafutwa.

Fungua kiolezo, kihifadhi kama xlsx, au xlsm kama kina makro, kisha elekeza programu jalizi kwenye hicho kipya. Cha zamani kiondoe kwenye folda ya pamoja, maana mtu atakirudia tu. Halafu chukua ripoti za miezi iliyopita, shuka hadi mstari wa mwisho wa kila moja. Ukiikuta nyingine imesimama kwenye 65,536 kamili, ile uliyompelekea mkaguzi ilikuwa kipande.