Tarehe zimepita, filamu bado inatazamwa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni nini kinachofanya filamu maarufu ya kubuni ya kisayansi iendelee kutazamwa miaka mingi baada ya kutoka. Najua wengi watasema ni ile iliyotabiri sawasawa. Mimi napinga, na mashahidi wangu ni filamu mbili za saiberpanki, yaani hadithi za wakati ujao wenye teknolojia ya juu na maisha ya dhiki, ambazo miaka yake tumeshaivuka.

Johnny Mnemonic ya 1995 iliandikwa na William Gibson, na mambo yake yanatokea mwaka 2021. Keanu Reeves ni tarishi anayesafirisha siri za watu ndani ya ubongo. Uwezo wake ni gigabaiti 80, anauongeza hadi 160, kisha anashindiliwa 320 na kichwa kinataka kupasuka. Leo mzigo huo unaenea kwenye kikadi cha simu kisichozidi ukucha. Filamu yenyewe ni ya ovyo, tuseme ukweli. Lakini kuna kitu humo hakijachuja: ili apate nafasi ya mizigo ya wateja, Johnny alikubali kumbukumbu za utotoni zing'olewe. Bei hiyo kijana yeyote anayehangaikia riziki anaielewa.

Sasa njoo kwa Blade Runner ya Ridley Scott, ya 1982, inayotuonyesha Los Angeles ya Novemba 2019. Magari hayakupaa. Pan Am, shirika la ndege ambalo tangazo lake linawaka juu ya maghorofa, lilifilisika 1991. Deckard, msaka watu wa kutengenezwa, akitaka kumpigia mtu anatafuta simu ya ukutani! Kwa mizani ya utabiri imeanguka, na hata ilipotoka haikuvuna fedha za maana, filamu nyingine, E.T., ilikuwa imeshateka kumbi mwezi uleule.

Kilichoiokoa ni Roy Batty, mmoja wa hao watu wa kutengenezwa. Ameundwa kwa ajili ya vita huko kwenye makoloni ya anga za mbali, na amewekewa miaka minne tu ya kuishi. Anamfuata aliyemuunda, Tyrell, hadi chumbani kwake, kudai aongezewe muda. Tyrell anamweleza kitaalamu, tena kwa upole, kwa nini haiwezekani. Mimi pale namwona kibarua mbele ya tajiri wake, na tajiri ana majibu yote isipokuwa lile linalohitajika. Tyrell hatoki hai.

Ndiyo maana toleo la kwanza la 1982 linaniudhi. Studio ilihofia watazamaji, ikapachika sauti ya msimulizi na mwisho wa raha: Deckard na mpenzi wake Rachael wako garini milimani, nasi tunaambiwa kwamba Rachael, naye wa kutengenezwa, hakuwekewa kikomo. Yaani kidonda chenyewe cha hadithi kimefunikwa kwa sentensi moja! Toleo la 1992 liliondoa vyote viwili. Asiyewahi kuiona aanze na lile la 2007, ambalo Scott alilisimamia mwenyewe hadi mwisho, na la 1982 awaachie wadadisi.