Nilivyosomea kazi ya dula wa baada ya kujifungua nikiwa Kisumu

Dada aliyeuliza kutoka Lanet, Nakuru, ameeleza kwamba amelea watoto wa watu kwa miaka sita, kwamba ameona mtandaoni mafunzo ya dula wa baada ya kujifungua, yaani mtu anayemsaidia nyumbani mama aliyejifungua karibuni, yanayolipiwa kwa dola, na kwamba anataka kujua kama cheti chake kinatambuliwa hapa Kenya, kinachofundishwa ni nini hasa, na kama aache kazi aliyo nayo. Nilipita njia hiyo hiyo nikiwa Kisumu, nikitokea kazi inayofanana na yake, maana nilikuwa mlezi katika kituo cha kutunzia watoto wadogo. Nitaanza na suala la cheti, kwa kuwa ndilo linalowapotezea watu fedha.

Hapa Kenya dula si mhudumu wa afya. Wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Wauguzi, lakini dula hana baraza wala leseni, na mtu yeyote anaweza kujiita dula kesho asubuhi bila kuulizwa na mtu. Vyeti hutolewa na mashirika ya binafsi, na linalojulikana zaidi ni DONA International, lililoanzishwa Marekani mwaka 1992 na watu kadhaa, wakiwemo madaktari Marshall Klaus na John Kennell pamoja na Penny Simkin. Cheti cha namna hiyo huionyesha familia kwamba umesoma, umehudumia wazazi ambao wameandika maoni yao juu yako, na umekubali kufuata maadili na mipaka fulani. Hakikupi ruhusa ya kutoa dawa, kukagua mshono wala kumwambia mama anaugua nini. Anayekuuzia kozi akikuahidi kwamba utaajiriwa wodini kwa cheti hicho, rudisha simu mfukoni.

Tena uhakikishe unalipia kozi unayoitaka, kwa sababu kuna dula wa wakati wa kujifungua na kuna dula wa baada ya kujifungua, na masomo yao ni tofauti. Utafiti unaotajwa sana na wauza kozi, ule wa Guatemala uliochapishwa mwaka 1980, ulihusu mwanamke kuwa na mwenzake pembeni wakati wa uchungu, haukuhusu kazi yetu. Neno dula lenyewe, ambalo asili yake ni Kigiriki, lilianzia upande wetu wa baada ya kujifungua: mwanaanthropolojia Mmarekani Dana Raphael alilitumia mwaka 1973 kumwelezea mwanamke anayemsaidia mzazi mpya ili unyonyeshaji wake ufanikiwe. Nilipomwambia shangazi yangu wa Kakamega kwamba ninalipa dola ili nifundishwe kumpikia mzazi uji wa wimbi, alicheka hadi akashika fremu ya mlango.

Uji haukuwemo katika mafunzo, na kwa kweli shangazi alikuwa anaujua kuliko mwalimu. Madarasa yangu yalianza saa kumi na moja jioni kwa sababu mwalimu alikuwa Marekani, na nilihudhuria kwa simu, nikiwa na bando niliyoinunua kwa siku na taa ya kuchaji kando, endapo stima ingepotea. Baada ya madarasa kulikuwa na vitabu vya kusoma, somo la peke yake juu ya kunyonyesha, na huduma ya kwanza kwa mtoto mchanga, ambayo niliisomea hapa nchini kwa sababu lazima mikono yako iguse mwanasesere na mwalimu akuone. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wote hufundisha. Mtoto mchanga aliyekabwa na kitu hupigwa mapigo matano mgongoni, kisha hukandamizwa kifuani mara tano, na ukishayafanya hayo kwa mkono wako hutayasahau tena.

Somo la kunyonyesha ndilo nililolitumia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimewaona akina mama wengi wakiambiwa kwamba hawana maziwa, na mara nyingi tatizo lilikuwa jinsi mtoto alivyolishika titi. Mtoto akishika vizuri, kinywa hupanuka, mdomo wa chini hupinduka nje, kidevu hugusa titi, na weusi unaoizunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Nilijifunza pia kwamba dang'a, yaani maziwa ya siku za kwanza, ni kidogo lakini humtosha mtoto kwa sababu tumbo lake nalo ni dogo, na kwamba kuanzia kama siku ya tano mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku.

Hesabu hiyo ya nepi iliniokoa katika nyumba moja ya mtaa wa Mamboleo, hapa Kisumu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Siaya kumwona mjukuu, ilikuwa Februari, na kila mkaaji wa Kisumu anajua joto la Februari. Aliona kwamba mtoto ana kiu na akataka apewe maji. Ningeweza kumsomea yale ya miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, lakini mgeni wa juzi hamfundishi mwenye mji uzazi mbele ya mkaza mwana wake. Nikamwambia, “Mama, tusaidiane kwanza kuhesabu zile nepi za jana zilizo kwenye kamba, ili tujue kama anapata maji ya kutosha.” Akatoka uani, akazihesabu kwa kidole akianzia mwisho wa kamba, akafika nane. Nikamweleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji na kwamba hizo nane zimetokana na maziwa hayo. Akasimama kidogo, akaniambia, “Haya, nyathina,” yaani mwanangu kwa Kijaluo, kisha akaenda jikoni kumchemshia mkwewe supu ya kuku, jambo ambalo lilisaidia kuliko lolote nililolifanya mimi siku ile.

Sehemu iliyonigharimu zaidi ni ile ambayo wewe, dada, nadhani itakugharimu vilevile. Mlezi wa watoto ana mikono myepesi; mtoto akilia, mikono inakwenda yenyewe. Katika familia ya kwanza niliyoihudumia, huko mtaa wa Migosi, nilimwogesha mtoto kila asubuhi kwa siku kumi. Nilipima maji kwa kiwiko, nikamlaza kwenye mkono wa kushoto, nikamsafisha mikunjo ya shingo, nikamfunga taulo, na yote hayo hayakuzidi dakika saba. Mama yake alikaa kitandani akinitazama na kunisifu, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Mafunzo yalitaka familia ijaze fomu ya maoni. Alinisifu tena katika fomu hiyo, lakini mwishoni akaandika kwamba tangu nilipoondoka hajamwogesha mtoto hata mara moja, anampangusa tu kwa kitambaa, kwa sababu anaogopa kwamba hatamshika kama mimi. Niliisoma sentensi ile nikiwa ndani ya matatu na nusura nipitilize kituo changu. Nilikuwa nimefanya kazi ya yaya, tena kwa ustadi, huku kazi ya dula ikibaki bila kufanywa.

Katika familia ya pili nilikaa juu ya kigoda kando ya beseni, taulo mapajani, na mikono yangu ndani ya taulo kusudi. Mama alichukua muda mrefu mno. Maji yalipoa, tukapasha mengine. Mtoto akalia, mama naye akakaribia kulia. Nikamwambia tu asogeze kiganja chake nyuma zaidi, chini ya shingo. Siku ya nne nilipofika asubuhi nilimkuta mtoto ameshaoga na amelala.

Hatari za mama mwenyewe uzijue kama jina lako, si ili uzitibu bali ili usichelewe. Pedi inayolowa yote ndani ya saa moja, homa, titi moja lililovimba na kuwa jekundu, mguu mmoja unaouma na kuvimba, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona vimulimuli: hayo yote ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Watu wengi hudhani kwamba kifafa cha mimba, ambacho maumivu hayo ya kichwa yanaweza kuwa dalili yake, huisha mtoto anapotoka, kumbe mama anaweza kukipata hata wiki kadhaa baadaye. Niliwahi kuitwa saa tano usiku na mama wa siku ya tisa aliyekuwa akitaka nije kumkanda kichwa. Sikumkanda, nilimwambia mumewe atafute gari nikiwa bado kwenye simu, nikawakuta hospitalini, na presha yake ilikuwa juu sana.

Ya moyoni ni magumu zaidi kuyaona. Machozi ya siku ya tatu au ya nne ni ya kawaida na kwa kawaida hupungua kabla ya wiki mbili kuisha. Yakizidi hapo, au mama akisema kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, hilo si suala la kumfariji kwa chai. Tulifundishwa fomu ya maswali kumi iliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, inayouliza hali ya mama katika siku saba zilizopita. Mimi humwachia mama aijaze mwenyewe, kisha tunakwenda nayo kliniki pamoja na kijitabu chake. Swali la mwisho huuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru, na akijibu lolote lisilokuwa “kamwe”, siondoki hadi awe mikononi mwa mhudumu wa afya.

Kuhusu malipo, familia mbili za kwanza zilinipa nauli, na ya tatu ilinipa nauli na kuku. Sasa natoza kwa kipindi cha saa nne, nusu ya fedha ikilipwa kabla mtoto hajazaliwa. Wanaoniita wengi ni wanawake walioajiriwa ambao mama zao wako mbali au wamefariki, wenye likizo ya miezi mitatu na waume wenye wiki mbili tu kisheria. Wengine hulipiwa na ndugu walio ng'ambo. Kazi huja kwa msimu, na mwezi mwingine hupita bila simu hata moja. Kwa hiyo usiache kazi yako. Mimi nilibaki kituoni kwa miaka miwili nikihudumia wazazi jioni na Jumamosi. Na usiweke picha za watoto wa wateja mtandaoni ili kujitangaza, hata mama akisema hana neno; yuko katika wiki ambazo hata jina lake mwenyewe analijibu kwa kuchelewa.

Jambo moja katika mafunzo unaweza kulianza wiki hii bila kulipa. Tulitakiwa kuandaa orodha ya mahali pa kumpeleka mama: nani anajua kunyonyesha kwa undani, duka gani la dawa hufunguliwa usiku, kliniki ipi ina mshauri wa afya ya akili na siku zipi, mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa huo ni nani, mwenye gari au bodaboda gani hupokea simu saa nane usiku. Yangu niliiandika kwa kutembea kwa miguu kutoka Kondele hadi Milimani, na nusu ya nambari nilizokuwa nimezipata mtandaoni hazikufanya kazi. Ya Kisumu haitakufaa Nakuru, lakini ukitaka kuona nilivyoipanga nitakutumia picha ya daftari.